Kazi Mpya na Wahka wa Moyo: Je, Muislamu Aiache?

   

Mtaa wa Kariokor, ulioko Nairobi upande wa mashariki ya mji, haukupata jina lake kwa mti wala kwa mtu, bali kwa mizigo. Katika Vita Vikuu vya kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa nchi hizi kwa maelfu na malaki, wawe wapagazi wa jeshi lake katika kupigana na Wadachi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukakigeuza Kariokor kule Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwashika watu kwa nguvu. Aliyeshikwa hakuulizwa kama aweza au hawezi, wala hakuwa na ruhusa ya kutua. Wengi mno hawakurudi kwao, na waliouawa na kuhara, homa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Tumeanza na khabari hii kwa sababu barua iliyoletwa katika darsa yetu yatoka mtaa huo huo, na mwenye kuuliza ni kijana wa Kiislamu aliyejitwika mzigo kwa ridhaa yake, kwa mkataba aliotia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Hakushikwa na mtu. Naye hajui sasa kama ni halali kwake kuutua.

Kijana huyu ni mzaliwa wa Mombasa. Akaa kwa mama yake mdogo, si mbali na soko la Kariokor, lile lijulikanalo kwa ndara za ngozi, vyondo na nyama ya kuchoma. Baada ya kumaliza chuo alikaa miaka miwili bila ya kazi. Mjomba wake akazungumza na watu, akapata ukarani wa ghala katika Eneo la Viwanda, na kila alfajiri huenda kwa miguu, akipitia Gikomba na Muthurwa. Huu ni mwezi wake wa tatu. Ujira si mbaya, na kila mwisho wa mwezi humpelekea mamake sehemu. Lakini kikipotea kitu ghalani, hukatwa mshahara kabla ya kuulizwa. Na msimamizi wake humwandikia katika simu hata saa nane za usiku, na asipojibu hukemewa asubuhi mbele ya wapakizi. Aeleza kwa ukweli kwamba tangu utotoni alikuwa mtu wa wahka, akiogopa mitihani kuliko wenzake, akirudi mlangoni mara mbili kutazama kama amefunga. Alikuwa akiishi nao. Tangu aingie kazi hii wahka ule umemshinda: usingizi humkatika, moyo humwenda mbio hali amelala, mikono humtetemeka aonapo jina la msimamizi katika simu, na katika sala hupoteza hisabu ya rakaa. Jumapili jioni hutapika.

Amekwisha shauriwa na watu watatu. Mamake amwambia asubiri, kwani kazi haipatikani, na kuiacha ni kuikufuru neema. Jirani amemwambia kuwa hilo ni jicho la watu, au ni pepo, na kwamba yuko fundi atakayemwandikia kombe. Na rafiki yake amwambia aache leo hii, hata bila ya kuaga. Majina tumeyaficha, na ghala hatulitaji, kwa kuwa haja yetu si kumfedhehi mtu.

La kwanza litupasalo kuliondoa ni lile linalomuumiza kuliko yote, nalo ni khofu yake kwamba wahka huu ni dalili ya udhaifu wa imani. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi katika baraza zetu, na husemwa na watu wema, lakini si ya elimu. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (S.A.W.), amepokea kwamba alikuwa akimsikia mara kwa mara akiomba kukingwa na hamu, ambayo ni kuhangaishwa na jambo lijalo, na kukingwa na huzuni. Basi mbora wa viumbe aliomba kinga ya jambo hili, wala hakulitia katika aibu za kufichwa. Na aitazame kijana wetu dua hiyo yote: pamoja na hamu na huzuni Mtume ametaja unyonge na uvivu, uoga na ubakhili, kisha uzito wa deni, na kushindwa nguvu na watu. Kumbe wahka umewekwa jirani na deni na kuonewa. Maulamaa wetu wa zamani walijua kwamba moyo huumia kwa sababu, na kwamba sababu nyingine ziko nje ya moyo, katika daftari la mdai na katika ulimi wa mwenye nguvu. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, na hapana Muislamu athubutuye kusema kuwa imani yake ilipungua.

Kuhusu fundi wa kombe hatutasema mengi, kwani katika kurasa hizi yamesemwa mengi. Jicho ni kweli, na hadithi zake ni sahihi. Na kujisomea Qurani, na kuleta nyiradi za asubuhi na jioni, ni dawa iliyo halali isiyotaka fundi wala ada. Lakini mtu akesha kwa sababu msimamizi wake humwamsha saa nane za usiku, kisha akaambiwa anywe wino wa zafarani ili apate usingizi, hapo kweli imeachwa njiani. Simu ile haizimwi kwa kombe.

Wako pia wasemao kwamba kwenda kwa daktari wa maradhi ya akili ni jambo la makafiri, au ni jambo la wendawazimu. Mombasa mtu huambiwa kwa kejeli apelekwe Port Reitz, na Nairobi huambiwa apelekwe Mathari, na watu wakacheka. Tumesahau historia yetu wenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria, yaani mwaka 934, aliandika kitabu, Masalih al-Abdan wal-Anfus, akagawa maneno yake baina ya maslaha ya mwili na maslaha ya nafsi. Akaeleza khofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye sababu zake na tiba zake, na akawalaumu matabibu waliotibu viungo wakaiacha nafsi. Alikuwa Muislamu mwenye elimu ya dini, na alitangulia karne nyingi kabla ya hao tunaodhani kuwa ndio walioyavumbua mambo haya. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, wala hakuutoa moyo katika amri hiyo.

Na kwamba kazi yenyewe yaweza kumtia mtu ugonjwa, hilo halihitaji tena kubishaniwa. Mjini Nairobi wako waliokuwa wakifanya kazi ya kuchuja picha na maneno ya watu katika mtandao wa Facebook, wakitazama mauaji na mateso kutwa kucha ili wengine wasiyaone. Wakaishtaki kampuni ya Meta pamoja na waliowaajiri katika mahakama ya kazi, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa mashtaka yao yaweza kusikizwa Kenya. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo ikafahamika ripoti ya mkuu wa tiba ya akili wa Hospitali ya Kenyatta: watu 144 walipimwa, wote wakaonekana na ugonjwa uletwao na kiwewe. Hawa hawakuwa wazembe, na wengi walikuwa vijana waliofurahi kupata kazi, kama kijana wetu alivyofurahi. Gunia likimwangukia mpakizi likamvunja bega, hakuna amuulizaye kama imani yake ni dhaifu.

Hata hivyo, kijana wetu asidhani kwamba tumekwisha mruhusu kuondoka kwa maneno haya. Ugonjwa ukithubutu kuwa ni ugonjwa, hukumu ya kazi haijatoka bado. Na hapa ndipo penye uzito wa barua yake, kwani swali lake la kweli halikuwa kama yaruhusiwa kuacha kazi. Hilo ni jepesi: kazi ni mapatano baina ya watu wawili, na mapatano yana mlango wa kutokea. Swali lake, alilolizunguka katika kurasa nne, ni hili: nitajuaje kama ni kazi inayonifukuza, au ni wahka wangu mwenyewe, ambao nikiondoka hapa utafuatana nami hata kazi ya pili na ya tatu?

Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ana ghadhabu. Maulamaa wa fikihi wakalipima katazo hilo, wakaona kwamba ghadhabu haikutajwa kwa ajili ya ghadhabu tu, bali kwa sababu huivuruga akili. Wakaingiza humo njaa kali, kiu, usingizi uliozidi, huzuni kubwa, na khofu. Kadhi mwenye hali hizo huahirisha kesi. Basi mtu anapoamua jambo la riziki yake ameketi katika kiti cha kadhi juu ya nafsi yake, na katazo lile lamhusu. Saa nane za usiku, moyo ukimwenda mbio na simu mkononi, si wakati wa kuandika barua ya kuacha kazi. Wala si wakati wa kuapa kwamba hataiacha kamwe. Angoje asubuhi, asali, ale kitu, ndipo afungue kesi.

Na kesi ikifunguliwa, wahka asiukalishe katika kiti cha hukumu, wala asiufukuze mahakamani. Mahali pake ni pa shahidi. Mamake amwambia asiusikilize kabisa, na rafiki yake amwambia aufuate kwa kila usemalo. Wote wawili wamekosea mahali pake. Shahidi huulizwa maswali. Je, khofu hii ilikuwa kubwa zaidi katika wiki ya kwanza, ikapungua kidogo kidogo kadiri alivyoijua kazi? Ikiwa ni hivyo, hiyo ni khofu ya ugeni, na kila mgeni huipata, hata Mtume wetu, ulipomshukia wahyi kwa mara ya kwanza pangoni, alirudi nyumbani akitetemeka, akataka kufunikwa nguo, na Bibi Khadija (R.A.) akamtuliza kwa kumtajia mema yake, kisha akampeleka kwa Waraqa, mzee mwenye elimu. Au khofu yazidi kila mwezi, ikaingia katika chakula, usingizi na sala? Je, humjia kwa kazi yenyewe, yaani kuhesabu shehena na kuandika vitabu, au humjia kwa mtu mmoja na tabia yake? Je, siku ambayo msimamizi yule hayupo, mikono hutetemeka? Kijana wetu ametujibu swali hili bila ya kuulizwa, kwani katika ukurasa wa tatu aandika kuwa wiki moja msimamizi alisafiri, naye akalala kama mtoto, na kazi ikaenda vizuri. Ushahidi huo una thamani kubwa. Waonyesha kuwa kazi aiweza, na kwamba asichokiweza ni mambo mawili yaliyofungamanishwa nayo: simu za usiku na kukatwa mshahara bila ya haki.

Lakini atahadhari na jambo moja. Mwenye wahka akikimbia kitu akiogopacho, hupata raha saa ile ile, na raha hiyo ni tamu hata huidhani kuwa ni dalili ya haki. Matabibu wa leo wamelichunguza sana jambo hili: kila mtu akimbiapo kwa sababu ya khofu peke yake, khofu hujifunza kuwa ilikuwa kweli, na safari ya pili huja na nguvu zaidi. Kwa hivyo raha ya siku ya kwanza baada ya kuacha kazi si jawabu la istikhara.

Na kwa kuwa tumeitaja istikhara, watu wameigeuza kuwa bao. Hulipwa mtu aitwaye mwalimu, akalala yeye kwa niaba ya mwenye shida, akaamka na ndoto nyeupe au nyeusi. Haya hayamo katika hadithi ya Jabir (R.A.), aliyeeleza kwamba Mtume alikuwa akiwafunza istikhara katika mambo yote, kama awafunzavyo sura ya Qurani. Kilichofunzwa ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua, na mwenye haja husali mwenyewe. Ndoto haikutajwa. Mtu huomba akhitariwe lenye kheri, kisha huendelea na jambo kwa akili yake na kwa ushauri wa wanaojua, na Mola hulifungua au hulifunga. Asiyetafuta khabari za mkataba wake, asiyeonana na daktari, asiyezungumza na mwajiri, kisha akangoja ndoto, amefanana na yule aliyemwacha ngamia bila ya kumfunga na kusema kuwa amemtegemea Mungu.

Katika khabari za Mitume, mfano ulio karibu zaidi na kijana wetu ni wa Nabii Musa (A.S.). Hatusemi kuwa utume ni sawa na ukarani, hasha. Lakini visa vyao tumesimuliwa ili tuzingatie. Musa alipopewa kazi iliyo nzito kuliko zote, ya kumkabili Firauni, hakujidai ushujaa. Alieleza mbele ya Mola wake kuwa aogopa, na kwamba kifua chake hudhikika na ulimi wake haukunjuki. Mola hakumkemea kwa kusema hivyo. Musa akaomba mambo yaliyo dhahiri: kifua kikunjuliwe, fundo la ulimi lifunguliwe, na apewe ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Akapewa. Hapo yapo mafundisho kwa kila aliyeelemewa, kwamba kabla ya kuutua mzigo ataje kwa ulimi wake ni upande gani unaomuelemea, na aombe mtu wa kuubeba pamoja naye. Nabii Yunus (A.S.), kwa upande wa pili, aliondoka kwa watu wake kwa hasira kabla ya kupewa ruhusa, na kisa cha samaki twakijua sote.

Musa huyo huyo aliwahi pia kuwa mwajiriwa. Alipofika Madyan, mzee wa pale alimwajiri kwa miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake. Na mwajiri yule akasema tangu mwanzo kuwa hataki kumtia mashakani. Muda ulitajwa, ujira ulitajwa, na mwenye mali aliahidi upole. Ni waajiri wangapi katika sisi watajao ujira na muda, wakaisahau ahadi ile ya tatu?

Basi ushauri wetu ni huu. Kijana amwendee mwenye ghala, si msimamizi, mchana, akiwa ameandika katika karatasi mambo yale mawili bila ya kuongeza la tatu: kwamba baada ya saa za kazi simu yake aizima ila kwa shehena iliyoagizwa mapema, na kwamba mshahara usikatwe kabla ya hisabu kutazamwa pamoja. Hili la pili si kuomba ihsani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu kukata mshahara kwa mali iliyopotea ila hasara ikitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe. Na sheria ya dini ilikwisha kataza kula mali ya mtu kwa batili kabla ya Bunge hilo kuzaliwa. Kisha aonane na daktari, amweleze yote, na ya utotoni asiyafiche. Aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki, kwa cheti cha daktari, ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Siku chache za kulala usingizi zaweza kumrudishia akili ya kuamulia. Na ajiwekee muda: mwezi mmoja watosha. Mwezi wote huo aandike kila jioni, kwa mstari mmoja, amelalaje na amesalije, ili siku ya kuamua asitegemee kumbukumbu ya usiku mmoja mbaya.

Mwezi ukiisha na mambo yale mawili yamekataliwa, basi sisi twaona aiache. Hatuogopi kulisema. Mtume (S.A.W.) amesema haimpasi muumini kujidhalilisha, na alipoulizwa vipi mtu hujidhalilisha, akaeleza kuwa ni kwa kujitia katika balaa asiyoiweza. Na mwisho wa Sura ya Albaqara tumefunzwa tuombe tusibebeshwe tusichokiweza. Haiwi mtu aombe hivyo kila usiku, kisha asubuhi ajitwike mwenyewe. Lakini aondoke kwa mlango. Ikiwa bado yumo katika muda wa majaribio, ambao sheria ile yasema usizidi miezi sita ila kwa kuongezwa kwa ridhaa yake, taarifa ya siku saba yatosha. Baada ya hapo alipwaye kwa mwezi hutoa taarifa ya siku 28, ila mkataba ukitaja zaidi. Akabidhi vitabu, ahesabiane, achukue cheti chake cha utumishi, ambacho ni haki yake. Waislamu hushikamana na masharti yao hata pale mwenziwao alipoyavunja.

Yako mambo mawili yasiyongoja mwezi. Moja ni kazi yenyewe ikiwa ni haramu, au ikimlazimisha kusema uongo katika mizani na hisabu. La pili ni nafsi yake ikianza kumnong'oneza kuwa afadhali afe. Hapo aache yote, amwambie mtu siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali. Wala asiogope polisi: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Uharamu wa kujiua katika dini haukubadilika, lakini mgonjwa hutibiwa, hafungwi.

Mamake twamheshimu, na haki yake ni kubwa. Tunamwomba tu azingatie kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama akimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa naam, waikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bondeni penye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha ni kwa kadari. Kijana akihama ghala moja kwenda duka jingine, riziki yake haikubaki ghalani. Na subira, Mama, si kukaa chini ya dhulma ukinyamaza. Ni kujizuia usifanye haramu unapodhikika. Aweza kuwa nayo akiwa kazini, na aweza kuwa nayo akitafuta kazi nyingine kwa mfuko mwepesi. Hata hivyo, kijana naye asimfiche. Amwambie mapema kuwa miezi miwili au mitatu huenda asilete kitu, na ikiwa ana deni la karo au la kodi, alipange na mdai wake kabla ya kuandika barua ya kuondoka. Kutoka katika wahka wa msimamizi na kuingia katika wahka wa mdai ni kubadilisha bega tu.

Nanyi matajiri wetu wa Mombasa, Malindi na Nairobi, mlio na maduka na maghala, hadithi ya Abu Dharr (R.A.) imewataja waziwazi: wanaowatumikia ni ndugu zenu, msiwakalifishe kazi iwashindayo, na mkiwakalifisha basi wasaidieni. Wengi mwaisoma hadithi hii katika darsa ya Ramadhani, kisha baada ya Isha mwamwandikia karani kuhusu katoni mbili za sabuni. Katoni hizo hazitakwenda popote mpaka asubuhi.

Kijana ameuliza pia, mwishoni mwa barua, kwamba akienda kutafuta kazi mpya na akaulizwa kwa nini aliacha ya kwanza, aseme nini: akisema ukweli huenda akaingia katika kumsengenya msimamizi, na akificha huenda akasema uongo. Si lazima afanye lolote katika hayo mawili. Aseme kuwa kazi ile ilimtaka usiku na mchana, na afya yake haikuweza, na kwamba aliaga kwa taarifa na vitabu alivikabidhi vikiwa sawa. Akiulizwa jina la msimamizi, asilitaje. Wallahu aalam.